Somo: Kufufua rekodi ya WAV iliyokatika ghafla, kwa kutumia ImHex

Kinasa sauti kimezimika katikati ya kazi: betri imekwisha, umeme umekatika, au mtu kachomoa kadi kabla ya kubonyeza Stop. Ukilitazama faili lina megabaiti 50, lakini ukilicheza linaonyesha urefu wa 0:00, au linakataa kabisa kufunguka. Usilifute. Mara nyingi sauti yote imo ndani, na kilichoharibika ni namba mbili tu mwanzoni mwa faili, kila moja ya baiti 4.

Chanzo chake ni hiki. WAV ni faili la muundo wa RIFF, uliotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991. Mwanzoni mwake pana kichwa, na ndani ya kichwa pametajwa ukubwa wa faili na ukubwa wa sauti. Kinasa sauti hakiwezi kujua utarekodi kwa muda gani, kwa hiyo kinapoanza huandika sifuri mahali hapo. Ukibonyeza Stop, kinarudi mwanzoni na kuandika namba za kweli. Kikizimika ghafla hakipati nafasi ya kurudi, na zile sifuri zinabaki.

Tutatumia ImHex, kihariri cha heksa (programu inayoonyesha na kubadilisha baiti za faili moja moja) cha bure na cha chanzo huria chenye leseni ya GPLv2, kinachoendeshwa kwenye Windows, Linux na macOS. Wenye GHex au Okteta kwenye Linux hawana haja ya kupakua kitu kingine, hatua ni zilezile. HxD ya Windows nayo ni ya bure na nyepesi mno, ila msimbo wake si wa wazi. Kwa kazi hii yoyote kati ya hizo inatosha. ImHex nimeichagua kwa sababu ya dirisha lake la Data Inspector, ambalo linakuondolea hesabu ya kugeuza namba, na hapo ndipo wengi hukosea.

HATUA YA 1: Nakala kwanza

Nakili faili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, kisha tengeneza nakala nyingine, kwa mfano sauti-kazi.wav. Utahariri hiyo tu. Kadi yenyewe itoe na uiweke pembeni, na usiirekodie kitu kingine mpaka umalize.

HATUA YA 2: Pata ukubwa kamili wa faili, kwa baiti

Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, usome mstari wa Size. Usisome Size on disk. Hiyo ni nafasi ambayo faili limekalia kwenye diski, huwa imezungushwa juu hadi kizio kizima, na ukiitumia kichwa kitadai sauti ambayo haipo. Kwenye Linux:

stat -c %s sauti-kazi.wav

Mfano wetu una baiti 52,920,044.

HATUA YA 3: Fungua na usome kichwa

Ndani ya ImHex: File, Open File. Mistari mitatu ya kwanza ya rekodi ya kawaida ya stirio, biti 16, 44,100 Hz, iliyokatika, huwa hivi:

00000000  52 49 46 46 00 00 00 00 57 41 56 45 66 6D 74 20
00000010  10 00 00 00 01 00 02 00 44 AC 00 00 10 B1 02 00
00000020  04 00 10 00 64 61 74 61 00 00 00 00 ...

Upande wa kulia utaona herufi: RIFF, WAVE, fmt, data. Zikionekana zote nne, umepona. Anwani ni mahali baiti ilipo tangu mwanzo wa faili, na 0x inaonyesha kwamba namba imeandikwa kwa heksa. Kinachotuhusu ni sehemu mbili: baiti 4 zinazofuata RIFF (anwani 0x04) na baiti 4 zinazofuata data (anwani 0x28). Hapa zote ni 00. Vinasa vingine huanza na 24 00 00 00 kwenye ile ya kwanza, yaani 36, ambayo ni kichwa kitupu kisicho na sauti. Vingine huweka FF FF FF FF. Ugonjwa ni uleule.

Ukiwa hapo soma na mengine, utayahitaji. Anwani 0x16 ni idadi ya chaneli (02 00 ni stirio, 01 00 ni mono). 0x18 ni kasi ya sampuli: 44 AC 00 00 ni 44,100, na 80 BB 00 00 ni 48,000. 0x1C ni baiti kwa sekunde. 0x20 ni baiti za sampuli moja kwa chaneli zote, hapa 4. 0x22 ni biti, na 10 00 maana yake 16.

HATUA YA 4: Tafuta "data" ilipo

Usichukulie kwamba iko 0x24 daima. Vinasa vya kitaalamu hupachika vipande vingine kabla yake, kama bext au JUNK, na "data" ikasogea mbali. Bonyeza Ctrl+F, tafuta baiti 64 61 74 61, uchukue ya kwanza baada ya fmt. Zitakazotokea katikati ya faili ni sauti iliyofanana na herufi kwa bahati, achana nazo.

Anwani ya herufi d tuiite P. Kwenye mfano P ni 0x24, yaani 36.

HATUA YA 5: Hesabu

Ukubwa wa RIFF = ukubwa wa faili − 8
52,920,044 − 8 = 52,920,036

Ukubwa wa sauti = ukubwa wa faili − (P + 8)
52,920,044 − 44 = 52,920,000

Namba ya pili lazima igawanyike kwa ile ya 0x20 bila baki. 52,920,000 kwa 4 ni sawa. Kama faili lingekuwa na baiti 52,920,047, ungepata 52,920,003, na hapo unashusha hadi 52,920,000, zile baiti 3 za mwisho ni nusu ya sampuli isiyo na faida.

Jihakikishie kwa muda: 52,920,000 gawanya kwa 176,400 ni sekunde 300, yaani dakika 5. Kama ulirekodi saa nzima na hesabu inakupa dakika 5, basi sauti nyingine haimo ndani ya faili hili na kihariri cha heksa hakitaileta.

HATUA YA 6: Andika

Bofya baiti ya 0x28. Kwenye Data Inspector hakikisha Endian iko kwenye Little, tafuta mstari wa uint32_t, bofya mara mbili kwenye thamani, andika 52920000, Enter. Baiti zitabadilika kuwa:

C0 7E 27 03

Nenda 0x04, fanya vivyo hivyo kwa 52920036:

E4 7E 27 03

Wanaotumia kihariri kisicho na dirisha hilo watageuza wenyewe. Kikokotoo cha Windows kina hali ya Programmer. Kwenye Linux andika printf '%08X\n' 52920000 nayo itakupa 03277EC0. Igawe kwa baiti, 03 27 7E C0, kisha uandike kuanzia mwisho: C0 7E 27 03. RIFF hutanguliza baiti ndogo. Ukiiandika bila kuigeuza, 03 27 7E C0 itasomwa kama 3,229,492,995, zaidi ya gigabaiti 3 ndani ya faili la megabaiti 50.

Kosa baya kuliko yote katika hatua hii ni kuingiza baiti badala ya kufunika. GHex na Okteta zina hali mbili, na kitufe cha Insert ndicho kinachobadilisha. Mkono ukikigusa bila kujua, kila tarakimu unayoandika inasukuma faili zima mbele. Ikisogea baiti moja tu, nusu ya juu na nusu ya chini ya kila sampuli ya biti 16 zinabadilishana, na unachosikia ni mvumo mkali kama redio isiyo na stesheni. Dalili ni rahisi kuiona: ukubwa wa faili umebadilika. Baada ya kuhariri lazima ubaki 52,920,044 bila kupungua wala kuongezeka.

HATUA YA 7: Hifadhi na usikilize

Ctrl+S, fungua kwa VLC au Audacity. Punguza sauti ya spika kwanza, maana faili lililokosewa hupiga kelele kwa nguvu yote. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Sekunde chache za mwisho kabla ya kuzimika hazitakuwepo, zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kinasa na hazijafika kwenye kadi.

Kwa wenye kazi ya mafaili mengi, bandika hii kwenye Pattern Editor ya ImHex, uone kichwa kizima kwa mtazamo mmoja kila unapofungua faili:

#pragma endian little
u32 ukubwa_riff @ 0x04;
u16 chaneli @ 0x16;
u32 kasi @ 0x18;
u32 baiti_kwa_sekunde @ 0x1C;
u16 biti @ 0x22;
u32 ukubwa_sauti @ 0x28;

Hii ni kwa kichwa cha kawaida cha baiti 44 tu. "data" ikiwa mahali pengine, badilisha anwani ya mstari wa mwisho iwe P + 4.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwangu kichwa chote ni sifuri tupu. Hakuna RIFF, hakuna chochote, mpaka mstari wa mbali ndipo namba zinaanza. Nimeliwa?

Jibu: Bado. Rekodi sekunde kumi kwa kinasa kilekile na mpangilio uleule (kasi, biti, chaneli), kwenye kadi NYINGINE. Fungua faili hilo jipya lisilo na hitilafu, tafuta "data", nakili kuanzia 0x00 hadi P + 7, yaani jumla ya baiti P + 8. Kwenye faili bovu teua idadi ileile ya baiti kuanzia 0x00, ndipo ubandike, ili ifunike na isisukume. Kisha endelea na hatua ya 5. Ukisahau mpangilio uliotumia, sikio litakuambia: sauti nzito na ya polepole maana yake umeweka kasi ndogo kuliko ya kweli, sauti ya katuni maana yake umezidisha. Ikicheza kwa kasi maradufu, yawezekana umeandika stirio kumbe ilikuwa mono.

Swali: Faili langu linaonyesha baiti 0 kabisa. ImHex inafungua ukurasa mtupu.

Jibu: Hilo ni tatizo la kadi, kichwa cha faili hakihusiki. Kwenye FAT32 ukubwa wa faili huandikwa kwenye orodha ya saraka, na kinasa hakikufika kuusahihisha. Sauti huenda iko kwenye kadi lakini hakuna kinachoielekeza. Usiandike kitu kwenye hiyo kadi, na Windows ikikuuliza kuirekebisha ukatae. Tengeneza taswira ya kadi nzima (faili moja lenye nakala ya kila baiti ya kadi), halafu pitisha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, kwenye taswira hiyo. Nayo ni bure na ya chanzo huria. Itakachotoa ndicho utakachokileta kwenye somo hili.

Swali: Hatua ya 4 imenishinda. Rekodi ni ya biti 24, 48 kHz. Baada ya fmt naona 28 00 00 00 na FE FF badala ya 10 00 00 00 na 01 00. Nimeharibu?

Jibu: Hujaharibu. Hicho ni kichwa kirefu, sehemu ya fmt ina baiti 40 badala ya 16. Kama hakuna kipande kingine katikati, "data" itakuwa 0x3C, ukubwa unaandikwa 0x40, na sauti inaanza 0x44, yaani unatoa 68 badala ya 44. Kwa stirio ya biti 24 sampuli ni baiti 6, kwa hiyo ukubwa wa sauti ugawanyike kwa 6. Baiti kwa sekunde ni 288,000.

Swali: Kwa nini tujisumbue na heksa wakati ffmpeg, programu ya amri ya kushughulikia sauti na video, inafanya kwa mstari mmoja?

Jibu: Kama inakubali, itumie:

ffmpeg -ignore_length 1 -i sauti-kazi.wav -c copy sauti-mpya.wav

SoX, programu nyingine ya amri ya sauti, nayo ina --ignore-length. Lakini zote mbili zinategemea RIFF, fmt na "data" ziwepo. Kichwa kikiwa sifuri tupu zinakataa, na kikiwa na kasi ya uongo zinaufuata uongo huohuo. Hata ukitumia ffmpeg, tazama kwanza baiti 48 za mwanzo kwa xxd -l 48 sauti-kazi.wav ili ujue unatibu nini.

Mwanachama mwingine anaongeza: Audacity pia inasaidia kupima kabla ya kugusa kitu. File, Import, Raw Data. Chagua Signed 16-bit PCM, Little-endian, chaneli 2, offset 44, kasi 44100. Ikisikika vizuri, ujue vipimo vyako ni sahihi.

Swali: Hii inafaa kwa rekodi ya simu ya m4a?

Jibu: Hapana. Ndani ya M4A na MP4 pana sehemu iitwayo moov yenye jedwali la mahali kila kipande cha sauti kilipo, na huandikwa mwishoni. Simu ikizimika jedwali lote halipo, si namba mbili. Huwezi kulibuni kwa mkono. Jaribu untrunc, programu ya kutengeneza mafaili ya namna hiyo yaliyokatika, ukiipa na faili lisiloharibika lililorekodiwa kwa simu hiyohiyo. Zile noti za sauti za opus ni rahisi zaidi: kila ukurasa wake unaanza na 4F 67 67 53 na unajitegemea, kwa hiyo faili lililokatika huwa linacheza mpaka lilipokatikia bila matibabu.

Swali: Mimi shida yangu ni programu yenyewe. ImHex kwenye laptop yangu ya zamani inafungua dirisha jeusi, halafu inajifunga. Wenzangu mnaisifia, mimi sijaiona sura.

Jibu: ImHex huchora kila kitu kwa kadi ya grafiki na inadai OpenGL 3.0 au zaidi. Kadi za Intel za zamani zenye draiva mbovu ndizo zinazotoa dirisha jeusi. Sasisha draiva. Ikigoma, kwenye ukurasa wa kupakua kuna toleo la Windows lililoandikwa NoGPU, linalochora kwa prosesa. Ni zito kidogo lakini linafunguka. Na kama kazi yako ni hii ya WAV tu, hakuna haja ya kuhangaika, chukua kihariri chepesi.

Swali: Naunga mkono aliyetangulia. Mimi inafunguka, lakini madirisha ni mengi mno, mtu mgeni anapotea. Hii ilitakiwa iwe na hali ya wanaoanza.

Jibu: Lawama hiyo ni ya haki. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaochambua programu na mifumo ya mafaili, mtengeneza sauti ni mpita njia. Funga kila dirisha isipokuwa Hex editor na Data Inspector, lolote utakalolihitaji baadaye litarudi kwa menyu ya View. Ukitaka maoni hayo yawafikie wanaoitengeneza, yaandike kwenye Issues (ukurasa wa kuripoti matatizo na maombi) za mradi huko GitHub, ila utafute kwanza kama yupo aliyekwisha kuyasema, ukamuunge mkono palepale. Sentensi kama "ni ngumu kutumia" haiwapi la kufanya. "Nikifungua mara ya kwanza Data Inspector haionekani mpaka nivute dirisha" wanaweza kuifanyia kazi.

Swali: Na hitilafu je? Yangu ilijifunga nilipobonyeza Ctrl+F kwenye faili la GB 3.

Jibu: Waandikie toleo na namba ya commit (alama ya hali kamili ya msimbo ulioundia programu yako) kama zilivyo kwenye Help, About, mfumo wa kompyuta, aina ya kadi ya grafiki, ukubwa wa faili, ulichobofya kwa mpangilio, na kama ukirudia inatokea tena. Usipandishe rekodi yenyewe, hasa ikiwa ni mahojiano au kikao cha watu. Tengeneza faili la sifuri lenye ukubwa uleule, jaribu nalo, na likijifunga vilevile ueleze namna ya kulitengeneza. Msanidi atalitengeneza kwake kwa amri moja:

truncate -s 3G jaribio.bin

Swali: Rekodi ya mkutano wa siku nzima, faili moja. Nikihesabu ukubwa wa sauti napata namba inayohitaji baiti 5. Naandika wapi hiyo ya tano?

Jibu: Haina pa kuandikwa. Sehemu ile ni baiti 4 tu, mwisho wake 4,294,967,295, ambayo kwa stirio ya biti 16 na 44,100 Hz ni saa 6 na dakika 45 hivi. Kichwa cha faili kama lako kinaweza kuwa cha RF64, muundo wa WAV wa mafaili makubwa, kwa hiyo tazama herufi nne za kwanza. Zikiwa RF64, ukubwa wa kweli uko kwenye kipande cha ds64 chenye namba za baiti 8, na zile sehemu mbili za kawaida zinatakiwa zibaki FF FF FF FF. Anwani 0x14 ni ukubwa wa RIFF na 0x1C ni ukubwa wa sauti, kama ds64 imefuata mara tu baada ya WAVE. Kwenye Data Inspector tumia mstari wa uint64_t. Zikiwa RIFF ya kawaida, ingiza faili Audacity kama Raw Data, ulikate vipande vya saa tatu tatu, kila kimoja ukitoe kama WAV yake.